Kikohozi Nyuma ya Jiko

Bibi alikohoa nyuma ya jiko, siku moja baada ya kumzika.

Nimejaribu kuirekebisha sentensi hiyo. Nimeongeza "kama", nimeongeza "nilidhani", kisha nimevifuta vyote viwili, kwa sababu nilichosikia hakikuwa na "kama" ndani yake. Kilikuwa kikohozi chake hasa: pigo fupi, kavu, kimya cha kumeza mate, halafu koo linasafishwa polepole hadi kuishia kwenye "hee" nyembamba, ya mtu aliyeahirisha jambo alilotaka kusema. Nilikuwa nikikisikia tangu utotoni, kila likizo niliyopelekwa kwake Mgeta. Na jana yake nilikuwa nimesimama uani pamoja na wanawake, nikitazama jeneza likishushwa na wanaume kwenye njia ya makaburini hadi likapotea nyuma ya migomba.

Wakati huo nilikuwa kwenye kona ya nyumba, mahali pekee ambapo mtandao wa simu hutulia ukisimama vizuri na kuvumilia. Simu ilikuwa mkononi, na kwenye kioo chake kulikuwa na namba ya mhariri mmoja wa Dar es Salaam ambayo nilikuwa nikiitazama kwa muda mrefu bila kuibonyeza. Kikohozi kiliponifikia, nilishusha simu. Nilishika ukuta. Nilianza, kwa utaratibu ule ule ninaoutumia kukagua hoja, kupanga maelezo yanayowezekana: uchovu, kukosa usingizi, mama mdogo mwenye kifua. Nilikuwa bado naendelea na orodha hiyo kichwani kikohozi kilipokuja mara ya pili, karibu zaidi, na baada yake sauti ya bibi ikauliza:

"Nani kaacha chungu changu wazi?"

Lazima nieleze habari ya mhariri, maana bila hiyo mshtuko wangu utaonekana kuwa wa msiba peke yake.

Sijawahi kuwa na kazi inayojieleza. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilijitolea kufundisha katika sekondari ya kata iliyo chini ya milima, Kiswahili asubuhi na Jiografia mchana, kwa kuwa mwalimu wa Jiografia alihamishwa na ramani zake zikabaki. Kisha nikaajiriwa na redio moja ya mjini Morogoro, si kutangaza, bali kupokea na kuandika matangazo ya vifo. Wafiwa walikaa mbele ya meza yangu, wengine wakiwa hawajapata hata nafasi ya kunawa uso, nami nikayageuza waliyosema kuwa maneno ya kusomwa mchana. Baada ya redio nikawa mhoji katika miradi ya utafiti, nikipanda na kushuka vijiji kuwauliza wakulima habari za matuta na mbolea. Halafu nikawa mnukuzi: nilisikiliza mahojiano ya wahoji wengine na kuyaandika neno kwa neno, pamoja na majogoo waliowika katikati. Sasa ninasoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu, inayohusu jinsi wakulima wa mboga wanavyoamua wakati wa kuvuna, imekwama kwenye sura ambayo msimamizi wangu ameielezea kuwa ina tahadhari kupita kiasi.

Katikati ya kazi hizo, bila kumwambia mtu, niliandika hadithi. Zilipotosha kitabu nilizituma Dar es Salaam nikiwa na hakika kwamba hazitajibiwa. Zilijibiwa. Mhariri alizitaka, na tangu siku hiyo nilimwandikia ujumbe baada ya ujumbe wa kukubali ambao hata mimi, nikiusoma upya, sikuona nimekubali wapi. Mwishowe alinipigia.

"Dada," alisema, "ujumbe wako siusomi tena. Kila mmoja una 'hata hivyo' mbili. Kabla wiki haijaisha unipigie kwa mdomo wako uniambie ndiyo au hapana. Ukinyamaza, nafasi nitampa mwingine, na sitakulaumu."

Wiki ilikuwa inaisha. Kilichonizuia hakikuwa woga wa kusomwa, au si huo pekee. Niliona sina haki. Mwandishi, kwa ufahamu wangu, ni mtu aliyeshika njia moja akafika. Mimi nilikuwa mtu wa njia panda. Katika ukoo wetu, unaofuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye haki ya kuuliza maswali, na mjomba wangu aliniuliza lile lile kila nilipopanda Mgeta: "Siku hizi unafanya nini?" Kila mara jibu lilikuwa jipya, na kila mara alilipokea kwa kutikisa kichwa taratibu, kama anayesikia bei ya mbolea. Bibi hakuuliza kamwe. Alinipa karoti nikaoshe mtoni. Nilikuwa nimehitimisha, baada ya kulifikiria jambo hilo kwa miaka kadhaa, kwamba haulizi kwa sababu amekata tamaa na mimi na anaona haya kunionyesha.

Basi nilizunguka jiko.

Bibi alikuwa amesimama penye mafiga. Alikuwa amevaa kanga yake iliyopauka, ile yenye kona iliyoungua, na raba zake za plastiki, lakini ya kulia ilikuwa mguu wa kushoto na ya kushoto mguu wa kulia. Fimbo yake ilikuwa mkononi. Mgongo uliinama pale pale ulipokuwa ukiinama. Kisha akageuka, nikaona uso wa mwanamke mnene, mwenye afya, ambaye nilimfahamu kwa kumwona tu: mama wa ng'ambo ya mto, mnunuzi wa kabichi anayepakia malori ya kwenda mjini. Nyuma yake wenzake watatu, masizi usoni kama yeye, walikuwa wamekalia vinu vyetu wakila ugali wa wafiwa kwa kelele.

Walikuwa watani. Kila ukoo kwa Waluguru una ukoo mwingine ambao ni mtani wake, na mtani hufanya msibani yale ambayo wafiwa hawawezi: huosha, hupika, hutukana, huvaa nguo za marehemu na kumwigiza ili msiba usiwaue waliobaki. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia kwa mama yangu, muuguzi mstaafu aliyenilea mjini, na mimi mwenyewe nilikuwa na watani chuoni tuliotaniana kuhusu chakula na ushamba. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja. Kulikuta limevaa raba za bibi yako ni kitu kingine. Sikufikiri. Mimi, ninayefikiri kabla ya kuomba chumvi, sikufikiri.

"Vua hizo nguo," nilisema kwa sauti ambayo sikuitambua. "Mna adabu gani nyie? Tumemzika jana."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele waliacha mikono hewani. Nilitambua kwamba nimemkemea mtu wa umri wa mama yangu, ambaye hata shikamoo sijampa, na nikatambua pia, kwa kuchelewa, kwamba hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa lingine. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umevunja kitu kilichojengwa na watu waliokufa zamani.

"Jamani," yule mama alisema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, "amekasirika."

"Kakasirika," wenzake waliitikia kwa furaha, wakipiga vinu.

"Kamkaripia nani?"

"Kamkaripia marehemu."

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wazee wenzake. Nilitegemea atanitetea, lakini alivua kofia yake akafunika nayo uso, na mabega yalikuwa yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Mama yangu alinisogelea, akaninong'oneza, "Mwanangu, umekwisha. Watakukamata. Usibishe."

Walinikamata kwa kuninyang'anya simu. Yule mama aliichomoa mkononi mwangu kwa wepesi wa mtu aliyezoea kupokea mizigo juu ya lori, akaitia kifuani, ndani ya kanga ya bibi, na kunikalisha chini juu ya gunia.

"Mateka huyu," alitangaza. "Simu haitoki mpaka ajikomboe."

"Naomba radhi, mama," nilisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Radhi hailiwi, mtoto wa mjini. Kaa hapo tukufikirie."

Ndipo simu ilipolia kifuani mwake.

Sijawahi kuusikia mlio wa simu yangu ukiwa kitu cha kutisha namna ile. Alihama kidogo kufuata mtandao hadi kwenye kona niliyotoka, akaitoa, akaitazama, akaipokea, na uani pote tukamsikia.

"Haloo. Hapana, mwenyewe kakamatwa... Na watani zake... Sisi? Sisi ndio serikali ya huku." Alisikiliza. "Msiba wa bibi yake, ndiyo. Asante, tunashukuru... Unasema?" Alisikiliza tena, safari hii kwa muda, na uso wake ukabadilika kidogo. "Nitamwambia. Lakini usitegemee, huyu ana deni la ukaidi." Akakata.

Alirudi, akasimama mbele yangu.

"Kuna mtu Dar anakuita mwandishi. Anasema anasubiri kitabu, na leo ndiyo mwisho. Kitabu gani?"

Kofia ilishuka usoni pa mjomba. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo huenda alikuwa akifanya yote mawili. Mama yangu alinitazama kama anayenipima homa. Hakuna mtu aliyekuwa anajua. Nilifungua mdomo na kuanza kueleza kwamba si kitabu hasa, ni mswada, na kwamba hata hivyo...

"Jibu fupi," mtani alinikatiza. "Wewe kazi yako nini?"

Hilo lilikuwa swali la mjomba, lakini mjomba alikuwa akiniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, akiniachia nafasi ya kutoroka. Hapa niliulizwa mbele ya ukoo mzima. Nilifikiria ualimu, lakini niliuacha. Nilifikiria redio. Nilifikiria matuta.

"Mwanafunzi," nilisema.

"Kwa mvi hizo?"

Walicheka mpaka mtoto aliyelala akaamka. Nilijaribu kucheka nao, nikashindwa. Na hapo, kabla kicheko hakijaisha, yule mama alikohoa. Pigo, kimya, "hee". Mgongo ukainama. Watu wakanyamaza wenyewe, maana alikuwa amekwisha kuwa bibi.

"Mnamsumbua nini mjukuu wangu?" alisema. "Mnamuuliza kazi? Ninyi hamna redio? Huyu ndiye anayewazika watu kwa maneno. Njooni huku, kaeni, saa ya vifo imefika. Wewe, acha kumenya, sikiliza." Alishika redio isiyokuwepo, akaiweka sikioni, akainua kidole. "Hapo. Umesikia? 'Aliyekuwa fundi baiskeli asiyekataa kazi.' Hilo neno ni la mjukuu wangu. Wengine wote wanasema kafa. Yeye anasema kafa nani."

Nilihisi gunia likizama chini yangu.

Kweli nilikuwa nikifanya hivyo. Matangazo ya vifo yana mwendo wake: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, maziko yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie fulani na fulani. Mimi, nilipopata nafasi, nilichomeka kifungu kimoja. Aliyekuwa akiuza magimbi njia panda. Aliyewafundisha kuogelea watoto wa kijiji kizima isipokuwa wake. Meneja alikuwa akiniambia redio si mahali pa hadithi, naye mtangazaji alivisoma haraka ili vipite. Niliamini hakuna mtu anayevisikia. Niliamini hivyo kwa uhakika kiasi kwamba, nilipoacha kazi ile, sikuvitaja popote nilipoulizwa uzoefu wangu.

"Alikuwa anatuita," mama mdogo alisema nyuma yangu, pole pole, kama anayetoa ushahidi. "Kila mchana. Hata wakati wa palizi. Ulipoacha redio alikuwa anasema, siku hizi watu wanakufa bila maelezo."

Nilimtazama mama yangu. Alitikisa kichwa kukubali. "Nilidhani unajua," alisema.

Sikujua. Miaka yote niliyokuwa nikijieleza kwa mjomba mlangoni, bibi alikuwa ndani, na jibu alikuwa nalo. Hakuuliza kwa sababu alikuwa amesikia.

Lakini mtani hakuwa amemaliza. Alirudisha redio yake sikioni, na sauti ya bibi ikawa na ule uchungu mdogo aliokuwa akiutumia kwa karoti zilizooshwa vibaya.

"Sasa jana wakanisoma mimi," alisema. "Nikakaa vizuri. Nikajifunga kanga. Nikasema, leo zamu yangu, mtasikia. 'Familia inasikitika kutangaza kifo cha bibi yao mpendwa kilichotokea nyumbani.'" Alishusha mkono. "Halafu? Basi? Mpendwa? Hili la kwangu kaliandika nani? Halina chumvi."

Mimi ndiye niliyeliandika. Nililiandika kwenye kituo cha mabasi cha Msamvu, nikisubiri gari la kupanda nalo, nikamtumia mwenzangu wa zamani aliyebaki redioni. Nilichagua maneno salama kwa sababu nilidhani heshima ni kutosema kitu. Hakuna aliyecheka. Nadhani wote walijua, au walijua wakati ule ule walipoutazama uso wangu.

"Fidia ndiyo hiyo," mtani alisema, akirudi kwenye sauti yake. Alipiga kifua palipokuwa na simu. "Sitaki kuku. Litangaze upya. Hapa hapa, kwa mdomo. Likiwa na chumvi, simu yako hii hapa. Likikosa, naenda nayo kwenye kabichi."

"Nipeni muda niandike," nilisema.

"Marehemu kishafika kwake. Muda gani tena?"

Nilisimama. Sikuwa na kalamu, sikuwa na kioo cha kompyuta, sikuwa na pa kufuta. Kwa mtu wa aina yangu hali hiyo ni sawa na kuvuliwa nguo. Niliona njia nyekundu inayoteremka hadi mtoni, na malori mawili yakisubiri kabichi upande wa pili, na nikaanza kwa yale maneno ya zamani kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu.

"Wajukuu wa nyumba ya juu ya mto," nilisema, na sauti ikapasuka, nikaanza tena. "Wajukuu wa nyumba ya juu ya mto wanatangaza kifo cha bibi yao, aliyekuwa akiosha karoti za watu wote, hata za jirani aliyekosana naye, kwa sababu alisema lori halijui ugomvi."

"Kweli," mtu alisema kutoka kwenye mkeka.

"Aliyekuwa akilala mapema na kuamka wa kwanza, na kudai kwamba hakulala."

Wanawake walicheka, cheko fupi la puani.

"Aliyekuwa akikohoa kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu, si kwa ugonjwa, bali ili wenye nyumba wapate nafasi ya kuacha kumsema."

Hilo sikuwa nimelijua mpaka lilipotoka. Nililisikia pamoja nao. Jirani mmoja, mzee aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alisema, "La ilaha illallah, mimi alinikoholea mara ngapi," na uani pote pakapasuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko mama mdogo alianza kulia kwa sauti, na mama yangu akafuata, naye mjomba, ambaye jana yake alikuwa amesimamia kila kitu kwa macho makavu, aliweka kofia yake chini na kulia akiwa ameangalia mbele.

"Maziko yamekwisha kufanyika," nilimalizia. "Habari ziwafikie wote waliowahi kunyamaza waliposikia kikohozi hicho."

Mtani alinitazama. Machozi yalikuwa yamechora njia kwenye masizi ya mashavu yake. Alivua zile raba, akazipanga mlangoni, kulia mahali pake na kushoto mahali pake. Kisha akaitoa simu.

"Ina jasho," alisema. "Ifute."

"Asante, mama."

"Usiniambie asante, mimi mtani wako. Siku nyingine ukinikaripia nitachukua na viatu."

Mjomba aliinuka akanipitia karibu akielekea kunawa. Nilijiandaa kwa swali lake. Hakuuliza. Alisema tu, "Piga simu ya watu. Jua linazama," ingawa jua lilikuwa bado juu ya mlima.

Nilirudi kwenye kona. Kwa haraka nilibonyeza namba ya msimamizi wangu wa tasnifu kwanza, nikaikata kabla haijaita. Nilifikiri kwamba ningeweza kusubiri nitulie. Kwamba uamuzi unaofanywa katika hali ya mshtuko hauaminiki. Kwamba kuna hoja nzuri upande huo, na ningeweza kuzipanga. Nilisikia vinu vikianza tena nyuma ya jiko, na mtu akicheka, na mtu akimwambia mwingine achambue mchele sawasawa. Nikabonyeza.

"Umeachiwa?" mhariri aliuliza.

"Nimejikomboa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa tangazo la kifo. Nitakueleza. Nimekupigia kusema nakubali."

Mtandao ulikuwa mzuri kuliko kawaida. Nilimsikia akivuta pumzi. Alikuwa akisubiri, kwa kuwa ananijua, ile "hata hivyo" yangu. Niliisubiri pia, simu ikiwa imebanwa sikioni, mkono mwingine ukutani. Haikuja.